Mtoto Mwenye Usonji na Maji: Mambo Ambayo Kila Kaya ya Nambambo Inapaswa Kuyafahamu

Watanzania wanapotaja kuzama majini, fikra huenda moja kwa moja kwenye vyombo vya usafiri: MV Bukoba, Mei 1996, MV Nyerere, Septemba 2018, karibu na kisiwa cha Ukara. Sisi wakazi wa Nachingwea hatuna ziwa wala bahari, hivyo ni rahisi kuamini kwamba jambo hilo ni la wenzetu wa Mwanza na Ukerewe. Lakini mtoto mdogo hahitaji ziwa ili azame. Pipa la kukingia maji ya mvua linamtosha. Kisima kifupi cha bondeni kinamtosha, na shimo lililochimbwa udongo wa matofali kisha likaachwa lijae maji linamtosha zaidi. Vifo vya namna hiyo havitangazwi redioni. Hubaki kuwa msiba wa nyumba moja, na majirani husema ni ajali ya Mungu.

Makala haya yanawahusu watoto ambao hatari hiyo kwao ni kubwa kuliko kwa wenzao wa rika moja, nao ni watoto wenye usonji.

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayojionyesha katika miaka ya mwanzo ya maisha. Mtoto huenda asigeuke anapoitwa jina lake ilhali masikio yake ni mazima. Huenda asinyooshe kidole kumwonyesha mama kitu kilichomfurahisha. Huenda akachelewa kusema, au akarudia maneno aliyoyasikia bila kumwelekezea mtu. Wapo wanaopunga-punga mikono, wapo wanaopanga vifuniko vya chupa kwa saa nzima, na wapo wanaolia kwa uchungu mashine ya kusaga inapowashwa. Wapo pia wanaozungumza vizuri na kufaulu darasani. Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kwamba takriban mtoto 1 kati ya 100 ana hali hii. Haisababishwi na chanjo, malezi mabaya wala ulozi wa jirani, na haiambukizi. Majina ambayo baadhi yetu huwaita watoto hawa mitaani hayafai kuchapishwa hapa.

Wazazi wa nchi nyingi, wasiojuana wala kusikilizana lugha, wameeleza jambo lile lile: mtoto wangu anayapenda maji kupita kiasi. Si kila mtoto mwenye usonji yuko hivyo, lakini wengi wako hivyo, na sababu si ngumu kuielewa. Maji yanameta. Sauti yake ni ya namna moja na haishtui. Mtu akiingia ndani yake, yanamshika mwili mzima kwa uzito ulio sawa. Kwa mtoto ambaye kelele za sokoni, mshono wa shati na harufu ya moshi humsumbua kuliko tunavyodhani, maji ni mapumziko. Huyafuata kama mpita njia wa saa saba mchana afuatavyo kivuli cha mkorosho.

Tatizo ni kwamba huyafuata kimya kimya. Haagi, halii, hasemi anakokwenda. Akifika hatambui kwamba kina kimebadilika tangu mvua ya juzi. Akizidiwa hapigi kelele, na akiitwa kutoka mbali huenda asiitike hata kama amesikia. Mtoto mwingine aliyepotea husaidia kutafutwa kwa kilio chake, lakini huyu hatoi msaada huo. Ikumbukwe pia kwamba mtu yeyote anayezama, awe mtoto au mtu mzima, mara nyingi hazami kwa makelele kama tuonavyo katika filamu. Mdomo uko majini, pumzi haipo ya kuitia sauti, na baada ya dakika chache ubongo huanza kuharibika kwa kukosa hewa.

Takwimu zilizopo zimetoka mbali nasi, lakini zinafundisha. Mwaka 2012 jarida la Pediatrics la Marekani lilichapisha uchunguzi uliohusu zaidi ya watoto 1,200 wenye usonji. Karibu nusu yao walikuwa wamejaribu kutoroka nyumbani au shuleni angalau mara moja baada ya kutimiza miaka 4. Kati ya wale waliopotea kwa muda wa kutia hofu, karibu robo walikuwa wamefikia hatari ya kuzama. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walipitia kumbukumbu za vifo vya watu wenye usonji nchini humo kati ya mwaka 1999 na 2014. Walikadiria kwamba mtoto mwenye usonji ana uwezekano wa takriban mara 160 wa kufa kwa kuzama kuliko watoto kwa jumla, na umri wa hatari zaidi ni miaka 5 hadi 7. Idadi ya vifo vilivyohesabiwa haikuwa kubwa, kwa hiyo msomaji asiishike namba hiyo 160 kana kwamba imechongwa kwenye jiwe. Aushike umri. Miaka 5 hadi 7 ndiyo wakati ambao sisi huacha kumtazama mtoto kila dakika, tukisema sasa amekua.

Maji yetu yako wapi?

Mvua zetu huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili hivi. Katika miezi hiyo kila shimo lililoachwa wazi hugeuka kuwa bwawa: mashimo ya matofali, mashimo ya kifusi kando ya barabara, mitaro, na mashimo ya vyoo yaliyochimbwa yakasubiri fedha za kujengea. Maji yake ni ya rangi ya udongo, hivyo mtu aliyesimama ukingoni hawezi kujua kama kina ni cha goti au cha paa. Kiangazi kikifika, hatari huhama. Visima vya bondeni huchimbwa zaidi kila wiki kufuata maji yanayoshuka, na kingo zake hulegea. Nyumbani, kila kaya hujaza mapipa, madumu na masimtangi. Ndoo ya lita 20 iliyojaa nusu ni nzito kuliko kichwa cha mtoto wa mwaka mmoja. Akiingia kichwa chini, haipinduki.

Yapo pia majira yetu ya kijamii. Wakati wa kuokota korosho wazazi hushinda shambani. Mtoto huachwa kwa dada yake wa miaka 9, au hupelekwa shambani ambako kuna kisima asichokijua. Jando na unyago, harusi na misiba huleta ngoma, vipaza sauti na wageni. Kelele hizo ndizo zinazomfanya mtoto mwenye usonji atafute mahali pa utulivu, na huo ndio wakati ambao hakuna anayemtazama, kwa sababu kila mtu anaamini mwenzake anamtazama. Ndugu msomaji, jaribu kukumbuka msiba wa mwisho uliohudhuria, ujiulize ni nani hasa aliyekuwa na jukumu la watoto.

Dawa ya hili ni rahisi na haina gharama: mtoto akabidhiwe kwa mtu mmoja kwa kutajwa jina, kwa zamu fupi. "Shangazi, sasa yuko kwako mpaka nimalize kupakua." Na shangazi aitikie, "Yuko kwangu." Aliye zamu asichote maji wala asipike, na simu aiweke kando. Zamu ikiisha aikabidhi kwa maneno yale yale. Kumkabidhi dada wa miaka 9 si kumkabidhi mtu. Huyo naye ni mtoto, na si haki kumbebesha jambo ambalo likiharibika atalilia maisha yake yote.

Hata hivyo, jicho peke yake halitoshi, kwa maana hakuna mama asiyesinzia. Linalotakiwa ni vizuizi vitakavyompunguzia mtoto kasi hadi jicho limfikie. Kisima cha nyumbani kijengewe ukingo unaofika kifuani mwa mtoto mkubwa na kiwekewe mfuniko wa zege au wa mbao nene wenye kufuli. Bati lililowekewa jiwe juu si mfuniko. Mtoto hulisogeza, au hulikanyaga likakunjika naye akatumbukia. Simtangi na mapipa yafunikwe kwa kubana. Ndoo na mabeseni yamwagwe baada ya kazi na kuinamishwa. Mlango wa nje uwekewe komeo la juu ambalo mtoto halifikii, lakini mtu mzima aweze kulifungua kwa haraka kutoka ndani moto ukitokea. Makopo mawili matupu yaliyofungwa kwa kamba mlangoni yatamwamsha mama usiku wa manane kama kengele ya dukani. Jina la mzazi na namba ya simu viandikwe kwenye kitambaa na kushonwa ndani ya nguo, nyuma ya shingo, mahali ambapo hakitamkera. Akikikataa, kishonwe kwenye pindo.

Kuna familia zinazojaribu kumwepusha mtoto na maji kabisa. Nia yao ni njema, lakini kwa maoni ya mwandishi huyu njia hiyo humwongezea mtoto hamu. Afadhali apewe maji yake kwa saa maalumu kila siku: beseni lenye maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu, kikombe cha kumiminia, na mtu mzima amekaa karibu kiasi cha kumgusa kwa mkono, muda wote, hadi beseni limwagwe. Watoto wengi wenye usonji hupenda utaratibu usiobadilika. Akijua kwamba maji huja jioni baada ya chai, huenda akaacha kuyatafuta asubuhi.

Vivyo hivyo afundishwe kanuni moja kwa maneno machache yasiyobadilika: "Maji, ngoja." Mama, baba, bibi na mwalimu wote watumie maneno hayo hayo. Wamsimamishe hatua tano kutoka bombani au kisimani, waseme, wasubiri, kisha wamshike mkono wasogee pamoja. Kwa asiyeelewa maneno, picha iliyochorwa kwa mkaa ukutani inaweza kufanya kazi hiyo. Itachukua miezi, na siku nyingine itaonekana amesahau yote. Pale inapopatikana nafasi ya kumfundisha kuogelea chini ya mtu anayejua, afundishwe, kwani watoto hawa huweza kujifunza. Lakini anayejua kuogelea naye huzama, kwa hiyo ulinzi usipunguzwe.

Mtoto anayefichwa

Tunafika sasa kwenye jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wasipende kulisikia. Zipo kaya ambazo humficha mtoto mwenye usonji. Humfungia chumbani wageni wanapokuja, hawampeleki kliniki, hawamwandikishi shule, na jirani wa nyumba ya tatu hajui kwamba yupo. Mara nyingi kiini chake ni aibu, na aibu hiyo wazazi hawakuizua wenyewe. Tumewapa sisi kwa vicheko na minong'ono yetu.

Tuchukue mfano. Mvulana wa miaka 6 anatoka nyumbani saa nne asubuhi na kuelekea bondeni. Njiani anampita mzee anayesuka mkeka, wanawake wawili waliotoka kisimani na kijana wa bodaboda. Wote wanamwona. Hakuna anayemjua, na kwa kuwa anatembea kwa uhakika bila kulia, hakuna anayemuuliza. Watu wanne wangeweza kumrudisha kabla hajafika majini. Kama mtoto huyo angekuwa anapelekwa mnadani, msikitini au kanisani na shambani, na mama yake amekwisha kuwaambia majirani, "Huyu wangu hasemi, na anapenda maji; mkimwona peke yake mrudisheni," yule mzee angeuacha mkeka wake.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi wawatembeze watoto hao majirani wote waliopo kati ya nyumba na maji, wawatambulishe kwa majina, na waacheni namba ya simu. Nanyi majirani, mkimwona mtoto huyo peke yake, msimkimbize. Anaweza kuona ni mchezo, au akaogopa, na katika hali zote mbili atakimbilia mbele, kuliko na maji. Pita upande, usimame kati yake na maji, sema kwa sauti ya chini na maneno machache, mwonyeshe kitu. Akiwa tayari ukingoni, mshike. Akikuuma au akapiga mayowe usimpige, ameshtuka tu.

Anapotoweka

Familia nyingi mtoto akipotea huanza kwa kuulizia nyumba za ndugu, kisha dukani, kisha kwa rafiki zake, na maji huwa ya mwisho kwa sababu moyo hautaki kufika huko. Kwa mtoto mwenye usonji mpangilio huo ugeuzwe. Maji yaangaliwe kwanza, hata kama una hakika yuko kwa bibi yake. Kwa bibi yake hatazama.

Kila familia yenye mtoto huyo iorodheshe leo sehemu zote zenye maji ambazo anaweza kuzifikia kwa miguu kwa nusu saa, kuanzia iliyo karibu, na iamue nani ataikimbilia ipi. Mtu mmoja abaki nyumbani na simu, maana mtoto anaweza kurudi mwenyewe. Mwenyekiti wa mtaa au kitongoji aarifiwe papo hapo, si baada ya saa mbili, na vipaza sauti vya misikiti na makanisa viombwe kutangaza. Wanaotafuta wasiite jina tu. Waimbe wimbo anaoupenda, wagonge kopo lake, wanyamaze wasikilize. Polisi wapigiwe kwa 112, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa 114. Zote ni namba za dharura. Akipatikana salama asichapwe wala asikaripiwe. Mtoto atakachojifunza hapo ni kujificha anapoona watu wanakuja.

Akikutwa majini, asiyejua kuogelea asiruke. Misiba mingi ya kuzama huwa na maiti mbili, ya mtoto na ya aliyemfuata. Lala kifudifudi ukingoni umfikishie mti au khanga iliyosokotwa. Au tupa dumu tupu lililofungwa mfuniko na kufungiwa kamba, ambalo lingepaswa kuwapo daima karibu na kila kisima na bwawa.

Akishatolewa, asining'inizwe miguu juu wala asikamuliwe tumbo. Desturi hiyo imeenea sana, nayo hupoteza dakika na kumsukumia matapishi kwenye mapafu. Mlaze chali mahali palipo imara. Kama hapumui, inua kidevu kichwa kirudi nyuma kidogo, mbane pua, funika mdomo wake kwa mdomo wako, umpulizie pumzi mbili hadi tano ukiona kifua kikipanda. Kisha weka kitako cha kiganja katikati ya kifua, ubonyeze mara 30 kwa nguvu ya kukishusha kifua kwa theluthi moja ya unene wake, kwa kasi ya karibu mara mbili kwa sekunde. Pumzi 2 tena, mbonyezo 30 tena. Usiache hadi apumue au msaada ufike. Mwenzako ndiye aende kutafuta gari. Akizinduka apelekwe hospitali hata kama anacheka, kwa kuwa mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kushindwa kazi saa kadhaa baadaye. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii waombwe kuonyesha zoezi hili kwa vitendo katika mikutano ya mitaa. Kusoma tu hakutoshi.

Yaliyo juu ya uwezo wa kaya moja

Nchini Bangladesh, ambako watoto wengi huzama katika mabwawa ya nyuma ya nyumba, vijiji vimeanzisha vituo vidogo vya kulelea watoto wa chini ya miaka mitano asubuhi, wakati ambao mama zao wana kazi nyingi. Utafiti uliofuatilia vituo hivyo ulionyesha kwamba vifo vya kuzama kwa watoto waliohudhuria vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80, na Shirika la Afya Duniani sasa linaipendekeza njia hiyo kwa nchi nyingine. Havikuhitaji majengo makubwa: chumba kimoja, mwanamke mmoja anayeaminika na aliyefundishwa, na saa chache. Akina mama wa mtaa mmoja wanaweza kujaribu jambo kama hilo katika msimu wa korosho, kwa zamu, na mtoto mwenye usonji awe miongoni mwa wa kwanza kupokewa, si wa mwisho.

Mashimo nayo yanahitaji uamuzi wa pamoja. Aliyechimba udongo wa matofali ana wajibu wa kulifukia shimo au kulizungushia uzio, na mkutano wa mtaa una uwezo wa kumtaka afanye hivyo kabla ya mvua. Kisima cha umma kisicho na mfuniko kitolewe taarifa kwa chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii kilicho chini ya RUWASA, au kwa MANAWASA kwa miundombinu ya mjini, na nakala ibaki kwa Mtendaji wa Kata. Taarifa iwe ya maandishi, yenye tarehe na mahali. Taarifa ya mdomo husahaulika hata na mtu mwenye nia njema.

Mzazi anayeshuku kwamba mwanawe ana usonji ampeleke kwanza kituo cha afya kilicho karibu, aeleze anachokiona nyumbani bila kuficha, na aombe rufaa ya Hospitali ya Wilaya. Kisha amwone Afisa Ustawi wa Jamii ili mtoto atambuliwe na kuandikwa, na Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi ya karibu kuhusu kuandikishwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imezipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kulinda haki na ustawi wao. Mkazi anayejua kwamba kuna mtoto aliyefungiwa ndani anaweza kupiga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, bila malipo.

Siku ya Usonji Duniani huadhimishwa tarehe 2 Aprili, na Siku ya Kuzuia Kuzama Duniani tarehe 25 Julai. Ya kwanza hutukuta mashimo yakiwa bado yamejaa, ya pili yakiwa yamekauka na jembe likiweza kuingia. Kufukia kufanyike baina ya tarehe hizo mbili. Atakayeona shimo lililosahauliwa alitaje katika mkutano wa mtaa wake, au aache maelezo yake katika ofisi ya Mtendaji wa Kata ya Nambambo siku yoyote ya kazi.